Usiniambie Inalia Wapi, Niambie Inalia Lini

Bodi ya Hiace ni debe. Beringi ya gurudumu la nyuma kulia ikianza kuchoka, abiria wa siti ya nyuma ataapa kwamba sauti iko chini ya miguu yake, konda ataapa iko mlangoni, na dereva ataapa inatoka kwenye giaboksi. Kila mmoja anasema kweli kwa masikio yake, na kila mmoja anaweza kukutia hasara. Ndiyo maana siku hizi mtu akinieleza kwamba gari lake linalia mahali fulani, hilo la mahali naliweka kando kwanza. Namuuliza linalia lini.

Gari langu ni Hiace ya umbo la zamani, toleo ambalo Toyota ililianza mwaka 1989 na kulibadilisha mwaka 2004. Injini ni 3L ya dizeli, cc 2,779, imelala chini ya viti vya mbele. Nyuma yake giaboksi, kisha propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ya vipande viwili yenye senta beringi katikati, kisha difu, yenye gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, na ekseli yake. Kazi yake ni barabara ya mlima ya Mombo, Soni na Lushoto, huku Usambara, kilomita thelathini na kidogo. Kupanda tunapakia watu, sukari, saruji na mabati. Kushuka ni kabichi, karoti na mapeasi, na abiria wamebanwa katikati ya matenga.

Ile barabara ni gereji tosha. Ukipanda kutoka Mombo, injini inaisukuma difu muda wote, kwa hiyo meno ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela) na krauni (gia kubwa inayozungusha magurudumu) yanabanana upande mmoja. Ukishuka ukiwa kwenye gia, mambo yanageuka: sasa magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na meno yaleyale yanabanana upande wa pili. Kona nazo hazihesabiki, moja inalalia kulia, nyingine inalalia kushoto. Na pale ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, ukishusha kioo cha upande wa mwamba, sauti ya gari lako inarudishwa masikioni mwako. Dereva wa tambarare inabidi atafute mahali pa kujaribia. Sisi tunajaribu kila siku tukiwa kazini, ni kusikiliza tu.

Mlio ulionifundisha mengi kuliko yote ulikuwa mvumo wa kwenda chini. Kupanda, kimya. Kushuka kutoka Soni, nikiwa gia ya tatu, mguu umeachia mafuta, unaanza: wuuuu, mnene, wenye mkwaruzo ndani yake. Nikigusa mafuta kidogo unakatika. Nikiachia unarudi. Gereji ya kwanza niliyopita, fundi aliinama, akaigonga difu kwa spana, akasimama. "Bosi, difu imekufa hii. Tafuta nyingine Dar." Hakuniuliza swali hata moja. Bei ya difu ya mtumba niliyotajiwa kwa simu kutoka Gerezani, Dar, ilinifanya nitake kusikiliza kwanza.

Nilianza na matairi, kwa sababu ndiyo rahisi. Tairi lililolika mawimbimawimbi linavuma sawasawa na beringi mbovu, na watu wengi wamefungua difu kwa kosa la tairi. Lakini tairi lina tabia yake: lami ikibadilika, sauti inabadilika. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye lami yenye kokoto, mvumo wa tairi unapanda au unafifia, wakati chuma kinachosagana hakijali kabisa unapita juu ya nini. Mvumo wangu haukujali. Tena tairi halina habari kama umekanyaga mafuta au umeachia.

Kisha beringi za magurudumu. Hapa kona zinasaidia sana. Ukikata kona ya kushoto, uzito wa gari unalalia upande wa kulia, kwa hiyo mlio ukiongezeka kwenye kona za kushoto, mshuku gurudumu la kulia, na kinyume chake. Wangu haukubadilika. Hata hivyo nilipandisha jeki, gurudumu moja baada ya jingine, mawe yamezuia magurudumu ya mbele, nikashika springi kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Beringi iliyochoka huwezi kuisikia kwa sikio ukizungusha taratibu namna hiyo, lakini kwenye chuma cha springi mkono unaipata, kama kuna mchanga unapita ndani. Pande zote mbili zilikuwa laini.

Wengine hupima kwa joto: unaendesha, unasimama, unagusa kitovu cha kila gurudumu na kulinganisha. Njia nzuri, ila kwetu usiitumie baada ya kushuka. Umekuwa ukikanyaga breki tangu Soni, vitovu vyote vinachoma, utapata wagonjwa wanne wakati hakuna hata mmoja. Pima ukishapanda.

Kilichobaki nilikimalizia bondeni, kwenye barabara kuu ya kwenda Korogwe, ambako ni tambarare na unaweza kuona mbali. Kwa mwendo uleule nilibadilisha kutoka gia ya nne hadi ya tatu: injini ilipanda sauti, mvumo ukabaki palepale. Maana yake unafuata mwendo wa gari, haufuati mzunguko wa injini, kwa hiyo injini na klachi wako salama. Nikakanyaga klachi gari likiwa linaserereka: ukapungua, haukwisha. Kitu kinachozunguka na propela, na kinachokasirika kikibebeshwa mzigo kwa upande mmoja.

Nilipofika kwa mzee mmoja wa Korogwe, ambaye kazi yake ni difu na giaboksi tu, mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inalia ukipanda au ukishuka?"

"Nikishuka."

"Ukiwa kwenye gia au nyutro?"

"Mlimani nyutro siweki, mzee. Ila hapa bondeni nikikanyaga klachi inapungua."

"Kona je?"

"Kona haina neno."

Akajifuta mikono. "Basi magurudumu tuyaache. Sili ya pinioni ilibadilishwa lini?"

Hapo nikamtazama vizuri. Sili ilikuwa imebadilishwa kweli, miezi michache nyuma, kwenye gereji nyingine, kwa sababu difu ilikuwa inavuja mbele. Aliinama chini ya gari akanionyesha nati ya pinioni: pembe zake zilikuwa zimeliwa na spana.

Kabla ya kufungua alifanya mambo mawili ambayo tangu siku ile nayadai kwa kila fundi. Kwanza, alichukua tindo akapiga alama kwenye flenji (bamba la kuungia) ya propela na flenji ya difu, ili zirudi zilivyokuwa. Pili, kabla hajamwaga mafuta, alifungua nati ya kujazia. Nati hiyo ikigoma kufunguka huku ulishamwaga mafuta, gari linalala hapo bila njia ya kulijaza. Mafuta yaliyotoka aliyasugua kati ya vidole viwili juani. Unga laini wa kijivu si jambo la kushtusha kwenye difu ya umri ule. Vipande unavyoweza kuvinasa kwa ukucha ndivyo vya kuogopa. Yetu yalikuwa na unga mwingi, na vipande viwili vitatu vidogo, vyembamba, vinavyong'aa.

Hafu shafti, zile za kwenda kila gurudumu, zikatolewa, kichwa cha difu kikatoka, akakiweka juu ya gunia. Pinioni inashikwa na beringi mbili. Ya ndani, iliyo karibu na meno, ilikuwa nzima. Ya mbele, iliyo karibu na sili, njia yake ilikuwa imejaa vishimo vidogo upande mmoja, na chuma kimegeuka rangi ya bluu kwa joto. Ukiachia mafuta mteremkoni, nguvu inayoivuta pinioni hubadilika mwelekeo, na beringi hiyo ya mbele ndiyo inayobeba. Mwamba wa Soni ulikuwa umesema kweli.

Sababu ilikuwa ndani ya kitu kidogo ambacho wengi hawajui kama kipo. Kati ya beringi mbili za pinioni kuna bomba fupi la chuma laini. Ukikaza nati, bomba linabonyea kidogo kidogo na kuziweka beringi kwenye mkazo unaotakiwa. Likishabonyea halirudi. Aliyebadilisha sili alirudisha nati kwa spana iliyovishwa bomba refu, akakaza mpaka roho yake ikatulia. Bomba la ndani likabonyea kupita kiasi, beringi zikabanwa, ya mbele ikaanza kuungua taratibu. Sili ilikuwa nzuri, kweli haikuvuja tena.

Mzee alinituma spea: beringi zote mbili, bomba jipya na sili. Shimu, kibati chembamba kinachopanga kina cha pinioni, aliirudisha ileile, kwa sababu meno hayakubadilishwa. Kisha ikaja sehemu niliyoipenda. Alifunga uzi mgumu kuzunguka flenji, akauzungusha mizunguko kadhaa, akaning'iniza mwisho wake kwenye mizani ya ndoano, ile ile ya kupimia karoti sokoni. Anakaza nati kidogo sana, anavuta mizani, anasoma pinioni inaanza kuzunguka kwa uzito gani. Anakaza tena, unywele, anavuta tena. Beringi mpya zinataka ukinzani mkubwa kuliko zilizokwisha kutumika, na ukipita kipimo hakuna kulegeza nati ukaendelea: unatoa kila kitu, unaweka bomba jipya. Alichukua muda mrefu kwenye nati hiyo moja kuliko kwenye kazi nyingine zote. Kijana wake alitaka kusaidia kwa kukaza "kidogo tu," akafukuzwa akalete chai.

Uchezaji kati ya krauni na pinioni aliupima kwa saa ya kupimia. Kwenye difu nyingi za Toyota unatakiwa uwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Halafu alipaka rangi ya mafuta nyembamba kwenye meno machache ya krauni, akazungusha mbele na nyuma, tukatazama pinioni imefuta wapi. Alama ilikaa katikati ya jino. Ingekaa ncha au shina, tungerudi kwenye shimu. Gharama yote, spea na ufundi, haikufika nusu ya ile difu ya mtumba.

Kuhusu difu za mtumba, sizikatai. Meno yakishavunjika huna la kufanya ila kutafuta nyingine. Lakini angalia kibao cha chasi, kuna mstari wa ekseli wenye herufi na namba, linganisha kabla ya kulipa. Hiace za namna hii zilitoka na uwiano tofauti. Yangu ni meno 41 kwa 10, yaani propela inazunguka mara nne na kidogo krauni ikizunguka mara moja. Ukifunga yenye uwiano mwingine, gari litabadilika nguvu na spidomita itakudanganya, kwa sababu kebo yake inachukua mwendo kwenye giaboksi, haina habari na difu. Kuhesabu mwenyewe si kazi: nyanyua gurudumu moja tu la nyuma, gia nyutro, zungusha gurudumu mara mbili kamili na uhesabu propela. Ni mara mbili kwa sababu lile lililo chini limesimama, kwa hiyo lililo juu linakimbia maradufu. Na difu iliyo kimya mno kwa muuzaji ichungulie ndani. Unga wa mbao na grisi nzito ni ujanja wa zamani sana, unatuliza mlio kwa siku za kutosha wewe kufika nyumbani.

Ule uwiano wa mara nne una faida nyingine. Mlio wa tik-tik unapotokea, endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, kama kilomita 5 kwa saa, kando ya ukuta. Kwa tairi zetu gurudumu linazunguka mara moja kila sekunde moja na nusu hivi. Propela inazunguka mara mbili hadi tatu kwa sekunde moja. Kwa hiyo tik ya polepole ni kitu cha gurudumu: kokoto kwenye tairi, drumu, nati iliyolegea. Tik ya harakaharaka ni propela. Hapo hujashika spana bado na nusu ya gari umeshaitoa kwenye mashaka.

Kwenye propela mimi nimekutana na mengi ya kawaida. Krosi, kiungo kinachoiruhusu propela kupinda, ikikauka hulia kama panya gari likianza kuondoka, kisha mlio unapotea mwendo ukikolea. Ikishalika inagonga: ngo! unapoingiza gia, ngo! unapoachia na kukanyaga tena. Chungulia vikombe vyake. Ukiona unga mwekundu wa kutu umetapakaa kuzunguka kikombe, sindano za ndani zimeshasagika, usijisumbue na grisi. Senta beringi yenyewe hukoroma, lakini mara nyingi kinachokufa kwanza ni mpira unaoishika. Huo dalili yake ni mtetemo wa kuondokea mlimani ukiwa na mzigo, gari zima linatikisika kama lina homa, kisha linatulia.

Watu wengi hubadilisha krosi, baada ya muda mfupi inakufa tena, wanalaumu spea feki. Feki zipo, sibishi. Ila tazama na springi. Sisi wa mizigo tunapenda kuongeza pleti ili gari lisikae chini. Ukiongeza, ekseli inashuka mbali na bodi na pembe ya propela inabadilika, hasa gari likiwa tupu. Krosi iliyopindishwa zaidi ya ilivyokusudiwa haizunguki kwa mwendo sawa. Inakimbia na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko, na mtetemo huo ndio unaoila. Yangu ilikuwa inatetema ikipanda tupu asubuhi na kutulia ikiwa imejaa, na tulipotoa pleti moja iliyoongezwa na mwenye gari wa kabla yangu, mtetemo ukaisha bila kununua chochote. Mzigo sasa napakia kidogo kidogo pungufu. Konda hajafurahi mpaka leo.

Na alama ya tindo inahitajika hapa pia: propela ikichomolewa kwenye meno yake ya kuteleza ikarudishwa jino moja pembeni, masikio ya krosi hayalingani tena, na hakuna beringi duniani itakayoponya mtetemo huo.

Giaboksi nayo ina namna yake ya kujieleza. Gari limesimama, injini inaunguruma, nyutro, mguu hauko kwenye klachi: ukisikia mkoromo unaokufa ukikanyaga klachi, ni beringi za ndani ya giaboksi, kuanzia ile ya shafti ya kuingilia. Ukikanyaga ndipo mlio unapozaliwa, ni rilizi beringi, ile ya klachi. Barabarani, sikiliza gia ya nne. Kwenye giaboksi hizi za gia tano, ya nne inapita moja kwa moja, shafti ya chini inazunguka bila kubeba mzigo, kwa hiyo mlio uliopo gia zote nyingine na kutulia kwenye nne unatoka huko chini. Mafuta pia msichanganye. Difu inataka mafuta ya daraja la GL-5 kwa sababu meno yake yanasuguana kwa kuteleza. Giaboksi yenye sinkro (pete za kulainisha uingizaji wa gia) za shaba ipe GL-4. Dawa zilizo kwenye GL-5 zinaweza kuila shaba. Dukani utaambiwa yote ni gia oili.

Kuna kitu kimoja sifanyi, na simruhusu mtu afanye kwenye gari langu: kulinyanyua nyuma, kuwasha, kuingiza gia, kisha mtu analala chini na bisibisi sikioni akisikiliza propela inayozunguka. Gurudumu moja likiwa juu linakimbia maradufu ya spidomita, na gari likiteleza kwenye jeki hakuna atakayetoka.

Kwa sasa Hiace inashuka Soni kimya. Imebaki na mkoromo mmoja mwembamba, nyutro, asubuhi kabla mafuta hayajapata joto, unaoisha nikikanyaga klachi, na kwenye gia ya tatu unasikika kidogo ukiwa na mzigo. Nimeshabadilisha mafuta ya giaboksi na hakukuwa na vipande. Mzee wa Korogwe ameusikiliza akasema itasubiri, ila nisiikaze sana kwenye tatu, nishuke mbili mapema. Beringi nimeshanunua, ziko kwenye boksi lake chini ya kiti cha konda. Mvua za masika zikianza na mizigo ikapungua, tutaifungua.